Vichakataji mmevipata, njia ya data je?

Swali: Sisi ni maabara ya jenetiki Mbarara. Tunatuma terabaiti 2 za data kwenye gridi ya wenzetu Ulaya, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi pamoja. Vichakataji tumewekewa kuanzia saa nne usiku, lakini saa hiyo data haijafika hata nusu. Fundi anatushauri tununue kifaa cha kuongeza kasi ya intaneti. Tununue?

Jibu: Msinunue, ndugu zangu. Terabaiti 2 kwenye laini ya gigabiti 1 kwa sekunde, ikiwa yenu peke yenu, zinahitaji muda wa karibu saa nne na nusu. Mkigawana na chuo kizima mkabaki na megabiti 200, ni saa 22. Aliyewapangia saa nne usiku bila kuuliza data itapita wapi amepanga vichakataji vikae bure.

Linaloniudhi ni imani kwamba njia ya mtandao huwekewa nafasi upande mmoja. Data yenu hutoka chuoni, hupita RENU (mtandao wa vyuo na utafiti wa Uganda), huingia UbuntuNet (unaounganisha mitandao kama hiyo ya mashariki na kusini mwa Afrika), huvuka hadi GÉANT (wa Ulaya), kisha mtandao wa nchi ya wenzenu. Kila mmoja una ruta zake (vifaa vya kuelekeza data), wahandisi wake na taratibu zake. Kifaa cha fundi hupanga foleni ya paketi, yaani vipande vya data, zinazotoka kwenye jengo lenu, basi. Kikizipa alama ya kipaumbele, mtandao unaofuata, kama hamjakubaliana nao, unaweza kuifuta alama hiyo, na paketi zikaenda na umati.

Ndiyo maana watu wa Globus, mradi wa programu za gridi, walipotengeneza GARA, mfumo wa kuweka nafasi za rasilimali, mwaka 1999 waliuweka mtandao, vichakataji na diski chini ya utaratibu mmoja wa maombi. Kila mwenye rasilimali huombwa ashikilie nafasi kwa muda. Wote wakikubali, inathibitishwa. Mmoja akikataa, zote huachiliwa na saa nyingine hutafutwa. Njia yenu ianze mapema kuliko vichakataji, kwa muda wote ambao data itahitaji kusafiri. Na andikeni saa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia: Ulaya hubadilisha saa Machi na Oktoba, sisi hatubadilishi. Nimeona nafasi ikifunguka saa nzima kabla mtumaji hajawa tayari.

Njia ikipatikana, kagueni seva inayotuma. Paketi kwenda Ulaya na kurudi ikichukua milisekunde 200, na dirisha la TCP (kiasi cha data ambacho seva hutuma kabla ya kusubiri jibu kwamba imefika) likabaki kilobaiti 64, hamtafika megabiti 3 kwa sekunde hata mpewe laini ya gigabiti 10. Kuijaza gigabiti 1 kunataka megabaiti 25 ziwe njiani kwa wakati mmoja. Hayo ni mabadiliko ya mipangilio tu, hayana risiti.

Maabara nyingi zimeuziwa makasha ya namna hii kwa fedha za ruzuku. Yeyote anayewaahidi kasi ya uhakika hadi Ulaya, muulizeni amekubaliana na nani katika kila mtandao ulio njiani, na awaonyeshe uthibitisho wa nafasi hiyo. Akikosa, hiyo fedha nunulieni vitendanishi.