Usiibadilishe 118 kuwa 11.8: jibu kwa mwenye sapu ya mekanika ya udongo

Acha kwanza. Weka kalamu chini, hiyo 118 usiiguse.

Umeandika kwamba uko Arusha, sapu (mtihani wa marudio) iko mlangoni, una madesa yenye fomula kibao na unazikariri moja moja. Kwenye pasti pepa umekutana na swali la udongo wa majivu ya volkano: unyevu asilimia 118, Gs (uzito wa chembe ukilinganishwa na maji ya ujazo ule ule) 2.50, udongo umejaa maji kabisa, maji yako usawa wa ardhi. Wanataka (a) uwiano wa matundu (ujazo wa matundu kwa ujazo wa chembe), (b) densiti ya udongo ulivyo na densiti kavu, (c) mkazo faafu kwenye kina cha mita 4. Halafu ukamalizia, "nadhani wamekosea kuchapa, natumia 11.8, mnaonaje wakuu?"

Mimi naona hivi: ukitumia 11.8 umefeli swali zima, (a) mpaka (c). Nalisema kwa uhakika kwa sababu ndilo lililonipeleka mimi sapu, kwa mawazo hayo hayo uliyoyaandika. Pepa yangu ilisema 110. Nikaandika pembeni kabisa, kwa heshima zote, kwamba nadhani nukta imesahaulika, nikaendelea na 11.0. Msahihishaji hakuwa na namna ya kunipa maksi, kila namba iliyofuata ilitoka kwenye udongo ambao hakuuliza.

Na hili sikulitoa kichwani mwangu. Kulikuwa na kaka mmoja akitufundisha jioni kwenye kibaraza cha steshenari pale Ngarenaro, tunamlipa, na pembeni anatuuzia kijitabu cha fomula alichokiita dawa ya somo. Huyo ndiye aliyetuambia, akiwa ametukazia macho, "Asilimia haipiti mia. Ukiona unyevu umepita mia, ujue mchapaji amesahau nukta, irudishe." Tukaandika. Kwenye kijitabu hicho hicho kulikuwa na fomula ya densiti kavu: densiti ya udongo mbichi mara (1 − w), w ikiwa ni unyevu. Tukaimeza kama ilivyo, kwa kuwa ilisikika kama akili ya kawaida, kwamba udongo una asilimia 20 ya maji, ondoa asilimia 20, kinachobaki ni kikavu. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Mtu asiyejua akakaa kimya hana neno. Huyu alichukua hela za watoto wa watu, hela za bumu, akawauzia uongo uliopigwa chapa vizuri.

Sasa nisikilize, hapa ndipo penye kazi.

Unyevu wa udongo haugawanywi kwa uzito wa udongo wote. Unagawanywa kwa uzito wa chembe kavu peke yake. Masi ya maji juu ya masi ya chembe, basi. Sababu yake ni ya msingi: maji huingia na kutoka, mvua ikinyesha yanaongezeka, jua likiwaka yanapungua, lakini chembe ziko pale pale. Ukigawanya kwa kitu kinachobadilika kila siku, hutaweza kulinganisha udongo wa leo na wa kesho. Kwa hiyo mahali palipo na maji mengi kuliko chembe, unyevu unapita mia bila kuomba ruhusa kwa mtu. Ni kama uji: unga kikombe kimoja, maji vikombe vitatu, maji ni asilimia 300 ya unga na hakuna anayeshangaa jikoni.

Mimi sasa niko Moshi, kazi yangu ni maabara ya udongo. Sampuli za kutoka juu huko miteremkoni mwa Kilimanjaro, kwenye migomba na kahawa, ukizishika mkononi hudhani kama zina maji hivyo. Hazichuruziki. Zinamomonyoka vidoleni kama udongo wa kawaida tu, laini na mwepesi. Unapima kopo, unaweka gramu 100 za udongo mbichi, unaliingiza kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi 110 mpaka kesho yake. Ukilitoa limepoa ukalirudisha mzanini, chembe zimebaki gramu 46. Gramu 54 zilikuwa maji. Piga: 54 kwa 46 ni asilimia 117. Swali lako hilo hapo, mdogo wangu, limetoka ardhini. Udongo wa majivu ya volkano una matundu madogo mno ndani ya chembe na kati ya chembe, unakamata maji mengi sana huku sura yake ikiwa ya udongo mkavu. Wewe uliye Arusha unaishi chini ya Meru, mlima uliomwaga majivu ya aina hiyo hiyo. Aliyetunga swali alijua anachokiandika. Na ukitaka ushahidi wa mbali zaidi, sehemu kubwa ya Jiji la Mexico imekaa juu ya udongo wa ziwa la kale ambao unyevu wake unapita hata asilimia 200, na majengo yamekuwa yakididimia kwa miaka mingi.

Shika hili: kiwango cha kujaa maji (S) hakipiti mia, kwa sababu ni sehemu ya matundu iliyoshikwa na maji, na tundu likijaa limejaa. Porositi (n) nayo haifiki mia, kwa sababu ni matundu juu ya ujazo wote. Lakini unyevu (w) na uwiano wa matundu (e) vyote viwili vinagawanywa kwa chembe, kwa hiyo vinaweza kupita mia na kupita moja muda wowote. Yule kaka alichanganya S na w. Ndiyo ilikuwa siri yote ya dawa yake.

Kanuni yangu ni moja, sina ya pili: chora kisanduku kabla hujaandika fomula yoyote. Mstatili uliosimama, vyumba vitatu, juu hewa, katikati maji, chini chembe. Kushoto andika ujazo, kulia andika masi. Kisha chumba cha chembe kipe ujazo wa 1. Hata kama swali halijasema, mpe 1, kwa sababu uwiano hautegemei ukubwa wa sampuli. Tufanye la kwako.

Chembe ujazo 1, Gs 2.50, kwa hiyo masi ya chembe ni 2.50. Maji ni asilimia 118 ya hizo 2.50, yaani 2.95. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu moja, kwa hiyo ujazo wa maji nao ni 2.95. Udongo umejaa, hewa ni sifuri. Umemaliza. Tazama mchoro wako uusome tu:

Uwiano wa matundu ni 2.95 juu ya 1, yaani 2.95. Ujazo wote ni 3.95, masi yote ni 5.45, kwa hiyo densiti ni 5.45 kwa 3.95, sawa na gramu 1.38 kwa sentimita ya ujazo. Densiti kavu ni 2.50 kwa 3.95, sawa na 0.63. Ndiyo, densiti kavu iko chini ya ile ya maji, usiogope, ni udongo mwepesi wenye matundu mengi. Mkazo faafu, yaani mkazo unaobebwa na chembe zenyewe baada ya kutoa kanieneo ya maji kama Terzaghi, baba wa mekanika ya udongo, alivyotufundisha: uzito wa ujazo ni 1.38 mara 9.81 (mvuto wa dunia), kama 13.5, toa 9.81 ya maji, unabaki na 3.7 na kidogo. Zidisha kwa mita 4, unapata kilopaskali 14.9.

Sasa fanya kwa 11.8 yako. Maji yanakuwa 0.295, uwiano wa matundu 0.295, ujazo wote 1.295, masi 2.795, densiti 2.16. Mita 4 chini unapata kilopaskali 45.5. Umeuchukua udongo unaobonyea ukiukanyaga, ukaugeuza kuwa kitu kizito kama kokoto iliyoshindiliwa, na mkazo umeuzidisha mara tatu. Kwenye pepa ni maksi. Kwenye msingi wa nyumba ya mtu, nguvu ya udongo inahesabiwa kutoka kwenye mkazo huo huo, na mwenye nyumba hana sapu.

Na ile fomula ya (1 − w)? Iweke humu: 1.38 mara (1 − 1.18) ni hasi 0.25. Udongo wenye densiti hasi! Fomula yenyewe inakupigia kelele kwamba ni ya uongo. Kwa udongo wa asilimia 20 haipigi kelele, ndiyo maana ni hatari zaidi huko. Chukua sampuli ya sentimita 1,000 za ujazo yenye gramu 1,908 na unyevu wa asilimia 20. Kijitabu kinakupa densiti kavu 1.53. Ukweli ni 1.908 kwa 1.20, yaani 1.59. Kwa Gs ya 2.65 chembe ni gramu 1,590 katika ujazo wa 600, matundu 400, maji 318, kwa hiyo S ni asilimia 79.5. Kwa kijitabu unapata 72, namba nzuri tu, inaaminika, hakuna kitakachokushtua, unafunga karatasi ukiwa na furaha. Kisanduku hakikubali ujinga huo, kwa sababu masi ya maji na ya chembe lazima zijumlike kurudi 1,908. Za kijitabu hazirudi.

Kisanduku hicho hicho kinajibu na yale maswali ya tuta la barabara ambayo hayakosekani. Tuta linahitaji meta za ujazo 10,000 zikiwa zimeshindiliwa hadi uwiano wa matundu 0.6, kwenye shimo la moramu uwiano ni 1.0, utachimba kiasi gani? Watu wanakimbilia kugawanya 1.0 kwa 0.6 wanapata 16,667. Chora visanduku viwili, chembe 1 kila kimoja. Cha shimoni kina jumla ya 2.0, cha kwenye tuta 1.6. Chembe ni zile zile, zimehama tu. Kwa hiyo 10,000 mara 2.0 kwa 1.6, ni 12,500. Tofauti ni zaidi ya meta 4,000 za udongo ambao mkandarasi angeulipia kusomba bure.

Kuhusu kukariri: Se = wGs si ya kukariri. Angalia kisanduku cha swali lako, chembe 1, maji ni w mara Gs, na maji hayo hayo ni S mara e. Imetoka yenyewe. Karibu nusu ya hizo fomula zako ni mchoro huu huu ulioandikwa kwa sura tofauti. Ukiwa umezikariri na moja ikakuponyoka chumba cha mtihani, umekwisha. Ukiwa na mchoro, unaitengeneza upya pale pale. Na msahihishaji akiona mchoro una namba sahihi, hata ukikosea kujumlisha mwishoni ana mahali pa kukuwekea maksi ya njia. Ukimwandikia fomula tupu ya kijitabu, hana pa kushika.

Kuna wakuu hapa watakuja kukwambia kuchora kunapoteza muda. Mstatili na mistari miwili ndani yake hauchukui hata dakika. Mimi nimeona vijana wanaokuja maabara kwa mafunzo ya vitendo, wana vyeti vizuri, ukimpa kopo na mzani akatafute unyevu anagawanya kwa uzito wa udongo mbichi. Ukimuuliza kwa nini, anasema ndivyo alivyoelewa. Na ukifuatilia unakuta nyuma yake kuna kijitabu. Mtu yeyote anayekuuzia fomula bila mchoro, hata awe na koti jeupe na kofia ya saiti, usimpe hela yako.

Fanya hivi usiku wa leo, kabla hujarudi kwenye madesa. Unyevu asilimia 150, Gs 2.60, udongo umejaa, maji usawa wa ardhi, kina mita 3. Chora, chembe 1, usifungue karatasi ya fomula. Mkazo faafu utoke kilopaskali 9.6. Usipoupata, piga picha mchoro wenyewe na si jibu, uuweke hapa kwenye uzi, nitaupitia kesho nikitoka kazini.