Kitunguu saumu hakipimi sumu ya uyoga

SWALI: Shikamoo shefu. Niko Nachingwea. Napika risoto ya uyoga, ule wali wa Kiitalia wenye urojo, kwa mchele wa kawaida, naosha mpaka maji yawe masafi, natia supu ya kuku kidogo kidogo, lakini urojo hautoki mpaka niongeze krimu. Uyoga nanunua wa porini, nauchemsha kwanza na kitunguu saumu. Kikibaki cheupe najua hauna sumu. Kwenye urojo nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Urojo unaumwaga mwenyewe. Yale maji meupe ya kuoshea mchele ndiyo wanga unaoutafuta. Mchele wa risoto uchambue na kuupepeta, basi. Waitalia hutumia arborio au carnaroli, punje nene zenye wanga mwingi wa kunata. Wewe tafuta mchele mpya wa Kitere, kule Mtwara, ule ambao wapika pilau wanaukimbia kwa kunata, uchanganye na chenga kidogo. Kaanga punje kwenye mafuta mpaka zipate moto, kisha tia supu inayochemka, upawa mmoja mmoja, ukikoroga ili punje zisuguane. Anza kuonja dakika ya 15. Kiini kikiwa bado kigumu kidogo, epua, tia siagi ya baridi na jibini iliyokunwa, koroga kwa nguvu. Krimu ya nini? Uyoga kaanga pembeni kwa moto mkali, chumvi baadaye, mpaka maji yake yakauke.

Hayo ni ya mchele. Kinachonikosesha usingizi ni hicho kitunguu saumu, ambacho umekitaja kama jambo lisilo na swali. Kila masika nakutana nacho.

Hakipimi chochote. Sumu ya uyoga haikibadilishi rangi. Kitunguu saumu hugeuka kijani au buluu chenyewe kikikutana na ndimu au siki, hata pasipo uyoga. Kijiko cha fedha, ambacho wengine hupimia sumu, nacho huwa cheusi kwa yai la kuchemsha, na yai halina sumu. Wengine watakuambia ukiona funza ndani ujue unalika. Funza na konokono wanakula uyoga unaoua mtu, na wao hawadhuriki. Wengine wanasema kausha juani, au chemsha na kumwaga maji ya kwanza. Sumu mbaya kuliko zote za uyoga, amatoksini, haivunjwi na moto, wala jua, wala friza.

Uyoga uliokula mpaka leo ulikuwa salama kwa sababu ya macho ya yule mama aliyeuchuma. Anaujua kwa mahali ulipoota, kwenye kichuguu au chini ya mti gani, anaugeuza kuangalia mapezi ya chini, anaung'oa pamoja na shina lake lote. Alifundishwa na mama yake porini, msimu baada ya msimu. Sifa zake umempa kitunguu. Siku utakayonunua kwa kijana asiyejua, aliyeokota tu ili apate hela ya haraka, kitunguu kitabaki cheupe vilevile.

Wala usijitungie kanuni yako. Kwenye misitu ya miombo kuna uyoga mweupe unaoliwa na watu wengi ambao ni wa jenasi moja, yaani ukoo mmoja, na ule unaoua: Amanita. Wote wawili wana kikombe kwenye kitako cha shina. Ndiyo maana mgeni aliyezoea uyoga wa kwao asiokote huku kwa kufananisha. Kama humjui mchumaji, nunua uyoga uitwao mamama, ule wa kupandwa, unafaa kabisa kwa risoto.

Na wote mnaokula wa porini, shikeni hili. Sumu hii ya amatoksini haijitokezi mezani. Mtu anakula usiku, analala vizuri, anashuhudia kwamba chakula kilikuwa kizuri. Baada ya saa 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi, kunaanza kutapika na kuhara. Kisha anapata nafuu, anarudi shambani, nyumba nzima inashukuru, kumbe ini linaharibika. Hiyo nafuu ndiyo inayoua, kwa sababu watu wanaacha kwenda hospitali. Maziwa hayaondoi sumu hii, mkaa wa jikoni uliotwangwa hauiondoi, na anayewauzia dawa ya kuitoa anawapotezea saa ambazo daktari angezitumia. Kabla ya kupika, acheni uyoga mmoja mbichi pembeni, mzima na kitako chake, ufungeni kwenye karatasi. Mtu akianza kutapika, nendeni naye hospitali siku hiyo hiyo, pamoja na kila aliyekula sufuria ile hata kama hajisikii vibaya, na huo uyoga mkononi.