"Take" ina maana ngapi jamani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nasoma kingereza jioni nikitoka kazini, juzi kwenye zoezi nikaandika "I drank two tablets", ikakatwa kwa wino mwekundu ikaandikwa "took". Sasa mi najua take ni kuchukua, na vidonge nilishavichukua duka la dawa, nyumbani nilivinywa! Kila nikifungua kitabu nakutana na take nyingine, nimechoka kweli. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Usijione mzito, sisi dawa tunakunywa hata ikiwa kidonge, wenzetu dawa wana-take, iwe kidonge iwe ya maji.

Nakushauri uache kabisa kutafuta take ni neno gani kwa Kiswahili. Mgeni ukimwambia piga ni kuchapa tu, ataelewaje mtu kapiga pasi, kapiga mswaki, kapiga simu, kapiga magoti? Take nayo ndo ivo ivo, maana yake inatoka kwa neno iliyokaa nalo. Take a photo unapiga picha, take a bus unapanda basi, take a seat we kaa. Take the child to school hapo ndo wengi tunaanguka, maana ni kumpeleka mtoto, siyo kumchukua, kumchukua saa kumi akitoka ni pick up. Viatu uki-take off umevua, ndege iki-take off imeruka. Af kuna "she takes after her mother", hiyo itakuingia haraka maana hata sisi tunasema kachukua sura ya mama yake, ila yao inabeba mpaka tabia.

Na take yenyewe ilikuja na wageni, Waviking waliovuka bahari kutoka Skandinavia zaidi ya miaka 1000 iliyopita, kwao ilikuwa "taka". Waingereza walikuwa na "niman" yao, nayo maana yake kuchukua, ikafa, ila imeacha mtoto mmoja nampenda sana, "numb", yani ganzi. Mwanzoni ilimaanisha aliyechukuliwa, aliyeshikwa. Na we ukikalia mguu muda mrefu unasemaje? Umeshikwa na ganzi! Mi siku nimeligundua hilo nilifurahi mno, sijalisahau tena.

Kwa hiyo kwenye daftari usiandike "take = chukua", ifute hiyo leo. Andika sentensi nzima, "I took two tablets after supper", uisome kwa sauti, kesho uongeze ya basi.