Kabla ya kuitafuta thamani ya p, kokotoa mipaka miwili

Kama umefika kwenye sura ya matokeo ya tasnifu yako, nakuomba uanze na masafa ya uhakika, yaani mpaka wa chini na mpaka wa juu wa makadirio ya wastani. Nimewasaidia wanafunzi wengi kuchambua data, na wanaoanzia hapa huyaelewa matokeo yao mapema kuliko wanaokimbilia thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata data iliyo mbali kiasi hiki au zaidi na dai linalojaribiwa, kama dai hilo ni kweli.

Chukua joto la mwili. Tumezoea kusema ni nyuzi 37 za Selsiasi, namba iliyoenezwa na daktari Mjerumani Carl Wunderlich katika kitabu chake cha mwaka 1868. Mwaka 1992, Philip Mackowiak na wenzake huko Marekani walichapisha vipimo 700 vya joto la mdomoni vya watu wazima 148 wenye afya. Wastani ulikuwa 36.8, na mkengeuko sanifu, yaani kadiri vipimo vinavyotawanyika kuuzunguka wastani, takriban 0.4. Nadharia tete yetu, yaani dai tunalolijaribu, iwe kwamba wastani wa watu wazima wote wenye afya ni 37.

Gawanya 0.4 kwa kipeuo cha pili cha 148, upate 0.033. Zidisha kwa 1.96 (kizidishi cha asilimia 95 kwa sampuli kubwa), upate 0.06, kisha uitoe na uijumlishe kwenye 36.8. Masafa ya asilimia 95 (njia hii hunasa wastani halisi takriban mara 95 kwa 100) ni 36.74 hadi 36.86. Namba 37 iko nje, basi nadharia tete inakataliwa kwa kiwango cha asilimia 5, sawasawa na ambavyo jaribio la pande mbili (lisilojali kama wastani uko juu au chini ya 37) lingesema. Ila sasa unajua pia ukubwa wa tofauti: kati ya nyuzi 0.14 na 0.26. Daktari anaweza kuamua kama hiyo ina uzito wodini. Thamani ya p peke yake haimwambii hilo.

Kwa nini 148 na si 700? Hapa ndipo nawasihi wanafunzi wapunguze mwendo. Vipimo kadhaa vya mtu mmoja hufanana, havileti habari mpya kila kimoja. Ukitumia 700, masafa yanabana hadi 36.77 na 36.83, na uhakika huo ni wa bandia. Ni vivyo hivyo kwa anayepima miche mingi katika shamba moja, au watoto kadhaa wa kaya moja. Hesabu kwanza una vyanzo vingapi vinavyojitegemea.

Sasa tuseme ungekuwa na watu 10 tu, kwa wastani na mkengeuko ule ule. Sampuli ndogo hutaka jedwali la t, lenye vizidishi vikubwa zaidi kadiri sampuli inavyopungua, na badala ya 1.96 unatumia 2.262. Masafa yanakuwa 36.51 hadi 37.09. Safari hii 37 imo ndani, na hatuikatai. Tafadhali usiandike kwamba umethibitisha wastani ni 37, kwa sababu 36.6 nayo imo humo humo. Data yako haijatosha kuzitenganisha, na kulisema hilo wazi si aibu.

Kama nadharia tete mbadala, yaani dai unalolipokea ukiikataa ile ya kwanza, ni ya upande mmoja, mfano "wastani ni chini ya 37", kwa asilimia 5 tumia 1.645 kwa sampuli kubwa na utazame mpaka wa juu pekee. Chagua upande kabla ya kuiona data.

Kwenye ripoti, sentensi moja inatosha: "Wastani ulikuwa 36.8 (masafa ya uhakika ya asilimia 95: 36.74 hadi 36.86, watu 148), hivyo nadharia tete kwamba wastani ni 37 imekataliwa."