Dubu na kuku wa uani: jibu kwa dada wa Missoula

Habari za humu wakuu. Dada aliyeanzisha uzi anasema amehamia Missoula, Montana, ana mitetea sita nyuma ya nyumba, na wiki iliyopita dubu amevunja banda la jirani yake. Anauliza kama kofuli kubwa litatosha, au alete mbwa, na mumewe anataka wanunue bunduki. Mimi naishi mji huohuo, nafuga kuku, na uwanja wangu uko upande ambao dubu hushukia wakitoka bonde la Rattlesnake. Naandika kwa urefu kwa sababu majibu mengi hapo juu yametoka kwa wafugaji wa Iringa na Morogoro, ambako adui ni kicheche, kanu na mwewe. Wanajua kazi yao, ila dubu hawajawahi kupambana naye. Kusini mwa Sahara hayupo kabisa.

Dada, jibu langu ni hili: weka uzio wa umeme, na uuweke sasa hivi, kabla dubu hajaonja chochote cha kwako. Mengine yote yanafuata baada ya hilo.

Nianze na kofuli. Kicheche anatafuta tundu, ukiziba tundu umemshinda. Dubu hahangaiki na tundu. Anaingiza kucha kwenye ukingo wa ubao na kuvuta. Niliitwa kwa mama mmoja mtaa wa pili nikaangalie banda lake asubuhi baada ya dubu kupita. Kofuli lilikuwa bado limefungwa, komeo liko palepale kwenye mwimo, hata skrubu hazijalegea. Ubao wa pembeni ndio uliong'olewa wote, misumari imepinda, na kwenye mbao kulikuwa na mistari mitano ya kucha iliyozama kiasi cha kuingiza ncha ya kidole. Ule wavu mwembamba wa kuku alikuwa ameukunja pembeni. Wavu ule kazi yake ni kuzuia kuku asitoke. Dubu akitaka kuingia, ataingia. Funga kofuli, ndiyo, kwa ajili ya rakuni (mnyama mdogo wa huku, mwizi wa usiku) na mbweha, maana nao wapo. Lakini usilale usingizi kwa sababu ya kofuli.

Sasa elewa kwanza anachofuata, kwa sababu watu wengi wanadhani anakuja kula kuku. Kuku atamla, lakini mara nyingi kilichomvuta ni pumba. Mfuko mmoja wa chakula cha kuku wa mayai, ule wa ratili 50, una kalori zaidi ya 60,000. Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba dubu anajinenepesha kwa ajili ya usingizi wa baridi, na anaweza kula kalori 20,000 kwa siku. Piga hesabu: mfuko wako ni chakula chake cha siku tatu, amekikuta mahali pamoja, bila kupanda mlima wala kuchuma matunda pori moja moja. Na pua yake inanusa mbali kuliko mbwa yeyote unayemjua.

Kwa hiyo mfuko wa chakula uingie ndani ya gereji yenye mlango unaofungwa, au ndani ya nyumba. Pipa la bati lenye mfuniko halitoshi, atalilaza chini na kulikanyaga. Jioni toa chombo cha chakula bandani, chakula kilichomwagika kizoe. Mayai okota kila siku. Kuku akifa, usimzike uwanjani: mfunge kwenye mfuko, mweke kwenye friza, umtoe asubuhi ya siku ya taka. Mti wa tufaha kama unao, okota yote yaliyoanguka, maana Missoula miti ya tufaha inaleta dubu kuliko kitu kingine. Na wale wanaotundika mbegu za alizeti kwa ajili ya ndege, washushe kuanzia Machi mpaka baridi ikaze.

Hapa nisemee mambo yetu sisi, ambayo kwenye vipeperushi vya Wamarekani huyakuti. Tunachinja wenyewe. Damu na manyoya yakibaki kwenye nyasi, harufu inakaa. Chinjia juu ya karatasi ya plastiki, osha kwa maji mengi, matumbo yaende friza kama nilivyosema. Jiko la nyama choma likipoa lifute mafuta, liingize ndani. Kisha dagaa. Nimeona familia nyingi zikiweka gunia la dagaa au ndakala na galoni la mawese kwenye baraza kwa sababu ndani kunanuka. Jamani, hilo ni tangazo. Dubu akinusa samaki mkavu barazani atakuja mpaka kwenye mlango wa watoto, na akitoka hapo banda liko hatua chache.

Turudi kwenye uzio, ndiko kwenye kazi yenyewe.

Mnaotoka Kenya mnaufahamu uzio wa Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009, unaozuia tembo wasiingie mashambani. Kanuni ni ileile. Kuna mashine inayosukuma umeme wa volti nyingi kwenye waya kwa mipigo mifupi sana, takriban mmoja kila sekunde. Unauma vibaya lakini hauui, kwa sababu kila mpigo unakwisha kabla ya kudhuru. Na hapa nasema kwa sauti: USICHUKUE UMEME WA UKUTANI UKAUFUNGA MOJA KWA MOJA KWENYE WAYA. Nimesikia mtu akishauri hivyo. Huo unaua mtoto. Lazima upite kwenye mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, iwe ya kuchomeka ukutani, ya betri au ya sola.

Dukani muuzaji atakuonyesha mashine ndogo ya bei rahisi iliyoandikwa kuwa inatosha maili kadhaa za waya. Achana na maili. Soma joule, yaani kipimo cha nguvu ya kila mpigo. Kwa dubu isipungue joule 0.7, na mimi nasema chukua 1 au zaidi ukiweza. Kwenye waya upate volti 6,000 au zaidi. Zile za sungura na paka hazina nguvu hiyo, na dubu ana manyoya mazito yanayokinga umeme. Inatakiwa shoti impige puani, mdomoni au kwenye nyayo, na imuume vya kutosha asirudi.

Waya weka mitano, wa chini kabisa inchi 8 kutoka ardhini, mingine ikipanda kwa inchi 10 kila mmoja, urefu wote ufike futi nne. Au nunua wavu wa umeme uliotengenezwa kwa ajili ya kuku, unakuja na nguzo zake na unasimamisha kwa mchana mmoja. Kwa uwanja mdogo wa mjini mimi napendekeza wavu. Uache angalau futi tatu kati ya uzio na banda, asije akapitisha mkono juu. Angalia pia kusiwe na mti umeinamia ndani, dubu mweusi anapanda miti hata akiwa mzee. Lango nalo liwe na umeme. Wengi wanazungusha waya uzuri halafu lango wanaacha ubao mtupu.

Kinachoangusha watu ni ethi. Umeme unatoka kwenye waya, unapita kwenye mwili wa mnyama, unaingia ardhini, unarudi kwenye mashine kupitia nondo ya ethi. Ardhi ikiwa kavu, mzunguko haukamiliki, na dubu anashika waya kama kamba ya kuanikia nguo. Missoula Julai na Agosti ardhi inakauka mpaka inapasuka. Pigilia nondo tatu za futi sita, ziachane futi kumi, upande ambao paa linamwaga maji au unapomwagilia bustani. Kiangazi kikikaza, mwagia maji hapo kwenye nondo jioni. Njia nyingine, kwa uzio wa waya, ni kupishanisha: waya mmoja wa moto, unaofuata wa ethi, ili akisukuma pua katikati aguse yote miwili na asitegemee udongo.

Nunua na testa ya uzio, kifaa cha kupima volti kwenye waya. Mimi kila asubuhi nikienda kufungua kuku naigusisha kwenye waya wa mbali zaidi na mashine, pale ndipo udhaifu unapoonekana. Namba ikishuka, sababu karibu kila mara ni majani. Usiku wenye umande, simama kimya karibu na uzio utasikia tak, tak, tak. Chungulia chini utaona cheche ndogo ya bluu pale unyasi mbichi ulipogusa waya. Kata nyasi chini ya uzio, kata tena. Uzio wenye nyasi ni kamba tu.

Kwa nini nasisitiza kabla hajaonja? Dubu mgeni anapokuta kitu kipya hunusa kwanza. Ninayo kamera ya usiku inayotazama banda, na nimemuona akija taratibu, anasimama, ananyoosha shingo, anagusa waya kwa ncha ya pua. Aliruka nyuma kwa miguu yote minne na kukimbia bila kugeuka. Huyo amejifunza. Lakini dubu ambaye jana alikula kuku watatu hapo ndani hanusi tena. Anajua kilichopo, anakuja kwa kasi, anapita katikati ya waya, na shoti inampata akiwa tayari ndani, anaendelea mbele badala ya kurudi. Na wako, dada, wiki iliyopita alikuwa kwa jirani. Ndiyo maana nasema wiki hii.

Mbwa: atabweka, atakuamsha, na hilo ni zuri. Ila mbwa mdogo wa nyumbani akimfukuza dubu huweza kugeuziwa kibao, akakimbilia kwako na dubu nyuma yake. Redio na taa za kuwaka zenyewe zinafaa siku za mwanzo, baadaye dubu anazizoea.

Bunduki: mwambie shemeji apumzishe wazo hilo. Kufyatua risasi ndani ya mji ni kosa. Halafu usiku hutajua umepiga dubu gani. Grizzly, aina nyingine ya dubu, mkubwa kuliko dubu mweusi, wanashuka pia upande huu wa kaskazini, na grizzly analindwa na sheria ya serikali kuu tangu 1975. Kumuua kwa sababu ya kuku hakukubaliki mbele ya hakimu. Kwa sisi ambao karatasi zetu za uhamiaji bado ziko njiani, kesi ya jinai ni balaa la kuepuka. Dawa ya pilipili ya dubu, ile ya kopo kubwa, inaruhusiwa, na kila nyumba huku iwe nayo karibu na mlango wa nyuma. Inafika kama mita saba hadi tisa. Ukikutana naye uani usikimbie. Rudi nyuma polepole ukiongea naye kwa sauti ya kawaida, na mpe njia ya kutokea.

Msione nakuza mambo. Julai 2021, kijiji cha Ovando, mashariki mwa hapa, grizzly dume wa karibu kilo 190 alimtoa mwendesha baiskeli hemani usiku na kumuua. Dubu huyo alikuwa amevunja banda la kuku palepale kijijini, na siku chache baadaye alivunja jingine. Maofisa walimvizia kwenye banda hilo na kumpiga risasi aliporudi. Dubu aliyezoea chakula cha nyumbani anaacha kuogopa watu, na mwisho wake ni kifo, wakati mwingine baada ya kumdhuru mtu asiye na kuku hata mmoja. Hilo linaniuma pande zote mbili. Sisi ndio tuliokuja kujenga mabanda kwenye njia yake.

Kuhusu fedha: mashine nzuri pamoja na wavu inaweza kufika dola 400 au 500. Shirika la Defenders of Wildlife lina mpango wa kurudishia wafugaji nusu ya gharama ya uzio wa umeme, kiwango kimekuwa hadi dola 500, hapa Montana na baadhi ya majimbo ya jirani. Uliza kiwango cha sasa kabla ya kununua, na tunza risiti. Idara ya wanyamapori ya jimbo, FWP, ina ofisi hapahapa Missoula yenye mtaalamu wa dubu. Hawaji kukutoza faini kwa kupiga simu. Wengi wetu tunaogopa mtu yeyote mwenye sare, lakini hawa wanakuja kukuonyesha mahali pa kusimamisha nguzo. Mwambie na jirani yako apige, kwa sababu dubu wake ndiye wako.

Nyumba ukiwa umepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Wavu hauchimbi msingi, unang'oka siku ukihama, kwa hiyo wengi wanakubali. Bandika kibao cha tahadhari, na watoto waeleze wenyewe. Wa kwangu niliwaacha waguse kwa jani refu la nyasi wasikie mtetemo, hawajausogelea tena.

Uwashe mwishoni mwa Machi, madume ndiyo hutangulia kuamka, na usiuzime mpaka Desemba. Theluji nyingi inaufunika waya wa chini na kumaliza nguvu, lakini wakati huo karibu wote wamelala.

Ukienda dukani, dada, piga picha ya lebo ya mashine uilete hapa kabla hujafungua boksi. Nitakusomea joule zake, na kama haifai utairudisha ikiwa mpya.