Mtoto wa miaka 4 ukumbini

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, tunaishi Uingereza na tunakusudia kuwapeleka wanetu, wa miaka 4 na 9, kutazama mchezo wa muziki wa The Lion King katika ukumbi wa Lyceum, London. Je, mdogo atastahimili?

JIBU: Huenda, ingawa mchezo huo, unaoonyeshwa hapo tangu 1999, huchukua takriban saa mbili na nusu pamoja na mapumziko, na waandaaji huupendekeza kwa watoto wa miaka 6 na kuendelea. Kwa kuwa mwanzoni wanyama hupita katikati ya watazamaji, chagueni viti vya chini vilivyo kando ya njia, hata vikigharimu zaidi. Roshani, kwa maoni yangu, humpunja mtoto. Msimulieni mapema kuhusu kifo cha Mufasa, simba mfalme katika mchezo huo, na mapumziko yakianza tu mpelekeni msalani, kwani foleni huwa ndefu.