Miche inapendeza kitaluni, kisha inakufa mlimani: tazameni mizizi kwanza

Muulizaji anasema kikundi chao cha kijiji kiliotesha miche elfu kadhaa, ikastawi vizuri, lakini miezi mitatu baada ya kupandwa mlimani mingi imekauka, na sasa wanabishana kama tatizo ni mbegu, udongo au mvua. Nimekuwa katibu wa kikundi cha kitalu kwa miaka tisa, na msimu wetu wa kwanza uliishia hapo hapo. Kabla ya kuilaumu mvua, ng'oeni mche mmoja uliokufa, muoshe udongo, mtazame mizizi.

Sisi tulipong'oa wetu tulikuta mzizi mkuu umejikunja kama ndoana. Kosa lilifanyika siku ya kuhamishia miche michanga kwenye viriba, yaani vifuko vya udongo vya kukuzia miche: tulikuwa na haraka, na badala ya kutoboa udongo kwa kijiti hadi kina cha kutosha, tuliisukumiza kwa kidole mpaka mzizi ukapinda kuelekea juu. Mche wa namna hiyo hauonyeshi dalili yoyote kitaluni kwa sababu unamwagiliwa kila siku. Hujulikana kiangazi, unapotakiwa kuyafuata maji chini na hauna cha kuyafuatia. Tangu hapo, mzizi unaozidi kina cha kiriba tunaupunguza kwa wembe safi, na mche tunaushika kwa jani, si kwa shina, kwa kuwa jani likiumia litaota jingine.

Kosa letu la pili lilikuwa kuacha mizizi itoboe viriba na kuingia ardhini. Miche hiyo ndiyo hupendeza kuliko yote, na wageni hupenda kupiga picha nayo, ila siku ya kuinyanyua mizizi hukatika na majani hulegea kabla hata hamjafika shambani. Mizizi ikianza kutokeza, nyanyueni viriba au pitisheni waya chini yake kila baada ya wiki mbili hadi nne. Kisha, mwezi mmoja kabla ya kupanda, ondoeni kivuli kidogo kidogo na mpunguze maji, ili mche ukomae na kuzoea jua kali. Hapa ndipo tulipogombana zaidi, kwani mama mmoja katika kikundi aliona ni ukatili na akawa anarudi jioni kumwagilia kwa siri. Tuligundua kwa sababu safu za upande wake zilikuwa laini na ndefu kuliko nyingine.

Kuhusu mbegu, si vibaya kuzishuku, lakini kila aina ina tabia yake. Mbegu za mwarobaini hupoteza uwezo wa kuota ndani ya wiki chache, hivyo husiwa mara tu zinapokusanywa. Za migunga mingi zina ganda gumu, huhifadhika kwa miaka, na huota vizuri zikimwagiwa maji yaliyochemka na kuachwa humo yapoe hadi kesho yake. Zaidi ya kuota, angalieni zimetoka wapi. Msitu uliooteshwa kwa mbegu za mti mmoja ulio karibu na njia ni msitu wa ndugu watupu, na ugonjwa ukiingia huwapata wote. Kusanyeni kwa miti mingi, ikiwezekana 30, iliyoachana vya kutosha.

Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni hesabu. Mfadhili wetu wa kwanza alilipa kwa idadi ya miche iliyotoka kitaluni, na bila shaka tukamtolea miche, hata ile tuliyojua haitafika popote. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, lililoanzishwa na Wangari Maathai nchini Kenya mwaka 1977, lilikuwa likiwalipa wanawake kiasi kidogo kwa kila mche uliopona baada ya kupandwa, na malipo ya aina hiyo humfanya mtu wa kitaluni afuatilie mche wake hadi mlimani. Nasi tulibadili mkataba: sehemu ya malipo inatolewa baada ya kiangazi cha kwanza, na wanaohesabu ni wanakikundi wenyewe pamoja na wenye mashamba.

Kwa miche iliyobaki kitaluni kwenu, pasueni viriba vichache kutoka kila safu. Ikiwa mizizi imeanza tu kujizungusha pembeni, ikateni kwa wembe kwa wima pande mbili, na kiriba kiondolewe chote wakati wa kupanda, kisipasuliwe tu chini. Ikiwa imejisokota kabisa na shina ni refu na jembamba, msiipeleke mlimani. Mwageni udongo wake kwenye lundo la mboji, kisha hesabuni miezi kurudi nyuma kuanzia mvua zijazo ili mjue siku ya kusia upya.